Nilimnyima DBA ruhusa ya kuona vipimo vya server nikiamini anawinda kiti changu: yaliyonikuta msimu wa zabibu Dodoma

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninaloleta hapa ni langu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Chumvi sitaongeza, lenyewe lina chumvi ya kutosha na nyingi niliimwaga mimi. Majina nimebadilisha. Kampuni sitaitaja, kwa hiyo msinifuate inbox.

Mnijue kwanza kidogo, la sivyo mtanihukumu kabla ya wakati. Mkinihukumu baadaye sawa.

Nina miaka arobaini na kitu. Elimu yangu ni kidato cha nne, na cheti chenyewe kina alama ambazo huwa naviringisha karatasi nisizione. Sijawahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka mitano. Nimekuwa utingo wa malori Singida, nimeuza betri za redio Tabora, nikaja kuangukia internet café Shinyanga, enzi zile mtu ananunua nusu saa ili afungue barua pepe moja na dakika ishirini zinaisha ukurasa haujafunguka.

Kompyuta nilijifunzia hapo, kwa kufungua na kufunga. Mpaka leo nikisikia feni ya mashine ya zamani inakoroma nakumbuka kile chumba, pazia la kijani na wazazi wamepanga foleni hadi barabarani kutazama matokeo ya watoto. Niliyapenda sana maisha yale.

Yaliisha hivi. Mwenye café alimleta mpwa wake mwenye diploma, akaniomba nimwelekeze kazi. Nikampa password zote kwa moyo mweupe. Mwezi wa tatu nikaambiwa nipumzike nyumbani, wataniita. Hawakuniita.

Tangu siku hiyo nikasema password yangu nitakufa nayo.

Sasa niingie Dodoma.

Kampuni niliyopo inapokea zabibu kutoka kwa wakulima wa Hombolo, Chamwino na vijiji vya karibu, inakamua, inauza mchuzi wake kwa watengeneza mvinyo. Niliingia ikiwa na meza mbili na kompyuta moja. Server ya kwanza niliifunga mimi, nyaya nilivuta mimi, tundu la ukutani nilitoboa kwa mkono wangu. Cheo changu ni mtunza mitambo. Kwa kifupi, chochote chenye taa na feni ni cha kwangu.

Bosi wetu tumwite Mzee Lameck. Ni mstaafu wa serikali, na kampuni anaiendesha kama wizara. Jambo bila dokezo kwenye jalada halipo. Ukitaka kalamu unaandika dokezo. Yeye anaandika chini yake, anakurudishia, unajibu chini ya alichoandika, na kila karatasi inapewa namba. Karatasi ikishapata namba haichomolewi, hata kama uliandika upuuzi. Vijana huwa wanamcheka. Mimi nilimpenda kwa hilo, maana mtu mwenye cheti kama changu analindwa na utaratibu.

Mwaka jana akaajiriwa binti, tumwite Aziza. Mwenyeji wa Kondoa, amemaliza chuo kikuu, mkataba wa mwaka mmoja. Kazi yake DBA, yaani mtunza database: majina ya wakulima, uzito wa kila mzigo, kipimo cha sukari, picha ya kila mzigo, vyote viko mikononi mwake. Alikuwa amepanga chumba Chang'ombe anaishi na mama yake, ambaye alikuwa anahudhuria kliniki hapa mjini kila wiki. Kwa hiyo ajira ile ilikuwa yake na ya mama yake pia. Hilo nililijua toka mwanzo, siwezi kusema sikujua.

Wasio wa fani waelewe hivi. Database ni yake, ila mashine inayoibeba database ni ya kwangu. Yeye anaona kilichomo ndani, yaani nani kaleta kilo ngapi. Haoni mashine yenyewe inapumuaje: processor inafanya kazi kiasi gani, memory imebaki kiasi gani, diski inasomwa na kuandikwa kwa kasi gani. Hayo ndiyo tunaita vipimo vya server, na ili uvione lazima mwenye server akupe ruhusa.

Mwenye server ndiye mimi.

Msimu wa mavuno ulipoanza mwaka huu, mzani ukaanza kugoma mchana. Haugomi kabisa, unakuwa mzito. Jamaa wa mzani anapandisha mzigo, anabonyeza, anasubiri. Uzito wa mzigo mmoja uliokuwa unaingia kwa sekunde chache unachukua dakika kumi, wakati mwingine unakataa kabisa anaanza upya. Na kampuni ilishapiga marufuku kupima kwa karatasi, kwa sababu miaka ya nyuma karatasi zilileta maneno. Mzigo usipoingia kwenye mfumo hauruhusiwi kwenda kwenye kinu.

Zabibu zikishakatwa hazingoji, mnaelewa. Jua la Dodoma la mchana, gari halina turubai, kreti za chini zinaanza kuvuja na nyuki wanafika kabla ya mpimaji.

Aziza akaja chumbani kwangu. Akaniamkia vizuri, akasema anaomba ruhusa ya kuona performance ya server. "Kuona tu kaka Joeli, sitaki kugusa kitu."

Hilo "kuona tu" ndilo lililonishtua. Yule mpwa wa Shinyanga naye alianza hivyo hivyo, kuona tu.

Nikamwambia alete kwa maandishi.

Akaleta siku hiyo hiyo, dokezo la ukurasa mmoja, limepangika. Nikalirudisha nimeandika chini: "Fafanua sababu." Akafafanua. Nikalirudisha: "Eleza muda wa ruhusa na aina ya vipimo." Akaeleza kimoja kimoja. Nikaandika: "Ombi ni zuri, lisubiri msimu uishe ili kutovuruga mfumo." Kila safari jalada linapita kwa mhudumu, linalala mezani kwangu siku moja au mbili, linaondoka. Kwa macho ya Mzee Lameck nilikuwa mfanyakazi anayefuata utaratibu, na ukweli utaratibu niliufuata wote. Ndiyo ubaya wa utaratibu, unaweza kumnyonga mtu nao huku mikono yako ni misafi.

Wale wa IT najua mmeshaanza kucheka. Subirini.

Nikaanza kumchunguza.

Jambo la kwanza, mfumo unagoma saa saba mchana na kuendelea, na saa saba ofisi nzima tunakwenda kula. Nani anabaki ndani? Aziza peke yake. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, amefunga, hilo nalijua. Lakini mtu ukishakuwa na wasiwasi hata swaumu ya mwenzako unaiona ni kisingizio. Mbona wengine waliofunga wanatoka wakakae kivulini? Yeye kwa nini yupo kwenye kioo cha kompyuta?

La pili, alikuwa na daftari dogo. Nikiingia analifunga.

Siku moja alitoka kwenda kuswali nikalifungua. Ndiyo, nililifungua, sitajisafisha hapa. Ndani kuna orodha ya tarehe, na mbele ya kila tarehe saa: saba na dakika mbili, saba na dakika moja, saba na dakika tatu. Ukurasa mzima. Hakuna maelezo mengine.

Nikajua nimekamata. Nikawaza hizi ni saa anazofanya mambo yake, pengine anatoa data nje, pengine kuna kampuni nyingine inanunua majina ya wakulima wetu. Nilijenga hadithi nzima nikiwa nimesimama pale, mkono mmoja kwenye daftari, jicho mlangoni.

Na la tatu, kila nikirudi kutoka kula, kama saa nane na nusu hivi, naingia chumbani kwangu natazama mashine. Imetulia kama maji ya mtungi. Kwa hiyo mashine yangu nzima. Tatizo liko kwenye database. Mwenye database ni nani?

Siku ya Mama Mchiwa ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Huyu ni mama wa Hombolo, mtu mzima, mwenye shamba lake la zabibu aliloachiwa na mumewe. Analeta mzigo kila msimu kwa kirikuu ya kukodi. Siku hiyo alifika saa saba kasoro, mbele yake magari manne. Mfumo ukagoma. Mpaka foleni inamfikia ilikuwa inakaribia saa tisa, kreti zake zinachuruzika, nyuki wamejaa, dereva amekimbilia ng'ambo ya barabara. Mkaguzi akatazama akatikisa kichwa. Mzigo ukakataliwa wote.

Aziza alitoka nje juani kuwaomba radhi wakulima. Mimi nilisimama kwenye kibaraza. Nikasikia anamweleza Mama Mchiwa habari za mfumo kuwa mzito, mtandao, na kadhalika, na yule mama akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akamwambia, "Mwanangu, zabibu hazijui mtandao."

Hakulia wala hakugomba. Akaanza kushusha kreti moja moja azimwage.

Aziza aliporudi alinipita pale kibarazani akasimama. Watu wapo. Akasema, taratibu tu, "Kaka Joeli, mimi nimepewa lori niendeshe halafu dashibodi imezibwa gazeti. Ningeona kinachokula diski ningekuwa nimeshakuambia."

Mimi utingo wa zamani ningepaswa kuelewa mfano huo kabla hajamaliza. Mimi nikasikia dharau. Nikasikia kuwa wa chuo kikuu anamwambia wa kidato cha nne, mbele ya watu, kuwa yeye ndiye kikwazo.

Jioni ile ile nikaandika dokezo. Niliandika kwamba mfumo huelemewa wakati DBA akiwa peke yake ofisini, kwamba DBA ameomba mara tatu kuingia kwenye server, kwamba ana kumbukumbu za siri za saa. Nikapendekeza achunguzwe. Likapewa namba.

Mzee Lameck akaniita. Akaniuliza kama nina ushahidi. Nikasema nitaupata. Akavua miwani, akasema mkataba wa binti unaisha mwisho wa mwezi na Ijumaa ya wiki ijayo anaamua. "Kama kuna doa simwongezei. Kama hakuna, namwongezea. Sitaki kumwonea mtu, na sitaki kuibiwa."

Hapo ndipo nikapata akili niliyoiona kubwa. Nikamshauri tumpe ruhusa aliyoiomba, ya kuona tu, ila niwashe log inayorekodi kila atakachofungua na saa aliyofungua. Akiwa na jambo lake atanasa.

Mzee akaandika: "Ruhusa itolewe. Kuona tu. Matumizi yarekodiwe."

Jumatatu nikampa. Alifurahi, wakuu, kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu. Akanishukuru mara mbili. Mimi moyoni nasema shukuru tu.

Jumanne sikwenda kula. Nilijifungia kwenye chumba cha server nikakaa mbele ya kioo namsubiri. Ilipofika saa saba kasoro dakika tano akaingia kwenye vipimo kutoka mezani kwake. Namwona: amefungua grafu ya diski. Grafu moja. Hajafungua kingine chochote. Ametulia pale.

Saa saba na dakika moja grafu ikapanda kama imepigwa teke. Diski asilimia mia. Nikasema ndiyo huyu, leo leo. Nikafungua orodha ya kazi zinazoendesha mashine muda huo ili nichukue screenshot yenye jina lake.

Jina lililokuwa juu kabisa, linalokula diski yote, lilikuwa la kazi ya backup, ile ya kunakili data zote. Jina la aliyeiwasha: langu.

Nilikaa nikalitazama lile jina langu.

Kisha nikakumbuka. Zamani kampuni ilipanga jengo la mtu kule Majengo. Mwenye nyumba alikuwa anaogopa moto, kila jioni akifunga geti anazima umeme wa jengo zima, hakuna wa kumbembeleza. Backup ya usiku ikawa haiwezekani. Mimi kwa ujanja wangu nikaiweka saa saba mchana watu wakiwa wanakula. Ilikuwa inamaliza kwa dakika tano. Nilijipongeza sana wakati ule.

Tukahama. Huku tuliko umeme unalala unawaka. Ratiba sikuigusa. Na msimu huu ndiyo tumeanza kupiga picha kila mzigo, kwa hiyo nakala ya dakika tano imekuwa nakala ya saa nzima na zaidi. Na mzani msimu wa mavuno haupumziki kula, watu wanapokezana. Mimi ndiye niliyekuwa napumzika. Saa saba naenda kwa mama lishe kupiga ugali wa uwele na mlenda, narudi saa nane na nusu, nakuta mashine imetulia. Sikuwahi hata siku moja kuiangalia saa saba.

Zile saa kwenye daftari la binti zilikuwa saa mfumo unapoanza kugoma. Alikuwa anapima homa ya mgonjwa kwa kumtazama usoni, kwa sababu mimi nimemnyima kipimajoto.

Mngefanya nini, wakuu? Semeni ukweli.

Mimi nilihamisha ratiba kimya kimya. Nikaipeleka saa tisa usiku, nikafunga kioo, nikaenda kunawa uso. Nikajiambia tatizo limekwisha, kila mtu atasahau.

Jumatano mzani ukaruka kama kijana. Magari yanaingia na kutoka. Jamaa wa mzani anaimba. Nikaona mambo yamekaa vizuri.

Mchana Mzee Lameck akapita chumbani kwangu, jambo ambalo hafanyi. Akanipiga bega. Akasema, "Umeona? Siku mbili tangu tuanze kumrekodi, bila shaka amehisi, na mfumo umepona wenyewe. Ulikuwa sahihi."

Wakuu, hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilidhani nimezika kosa langu, kumbe nimemzika binti wa watu. Marekebisho yangu ndiyo yamekuwa ushahidi dhidi yake.

Sikumsahihisha Mzee. Nilisema tu "ndiyo mzee", halafu akaondoka.

Alhamisi asubuhi Aziza akaja. Akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema jana saa saba diski ilikuwa imetulia. Juzi grafu ilipopanda alifungua orodha ya kazi akakuta backup, jana haipo. Ananiangalia.

Nikasema mashine zina mambo yake.

Akasema, "Sawa kaka." Akaondoka.

Kumbe ameona. Ruhusa niliyompa kwa mtego ndiyo iliyomwonyesha jina langu. Sasa hapo wasiwasi wangu ukapanda mara mbili. Mbona hasemi? Mbona haendi kwa Mzee? Nikajua anasubiri Ijumaa. Atakaa mbele ya Mzee, atatoa screenshot mezani, mimi nitakuwa nimekaa pembeni kama mwizi wa kuku. Kama angenitukana ningepumua. Ukimya wake ndio uliokuwa unanitafuna.

Sikulala vizuri. Nawaambia hivi ili msije mkasema niliongozwa na dhamira peke yake. Dhamira ilikuwepo, lakini hofu ndiyo iliyoniamsha mapema. Nilitaka kumwahi.

Ijumaa saa mbili kamili nilikuwa mlangoni kwa Mzee Lameck. Nikamwamkia, nikakaa. Nikaanza kuzungukazunguka. Nikamuuliza kama Aziza ameshafika kwake.

Akasema hajafika, ila jana ameleta dokezo. Akafungua jalada akanigeuzia nisome.

Lilikuwa na mistari miwili. Kwamba tatizo la saa saba mchana limepatikana na limeondolewa na mtunza mitambo. Kwamba anashukuru kwa ruhusa ya kuona vipimo na anaomba iendelee.

Basi. Hakuna jina la backup, hakuna ratiba, hakuna screenshot. Hakujitetea hata kwa neno moja, na hata hakujua kama ameshtakiwa, maana dokezo langu lile lilikuwa halijapita kwake. Ameandika kuwa nimeliondoa mimi, na huo ni ukweli. Ameacha nafasi kubwa chini.

Mzee akaniuliza, "Sasa hili tatizo uliloondoa ni lipi? Wewe uliniambia tatizo ni yeye."

Ningeweza kusema chochote, wakuu. Mzee hajui server hata inafunguliwaje. Ningesema ni virusi, ni umeme, angeandika "Nimeona" na mambo yakaisha.

Nikamwambia, "Mzee, tatizo lilikuwa mimi."

Nikamweleza yote, tangu jengo la Majengo mpaka daftari. Hakunikatisha. Nilipomaliza akawa anachezea kifuniko cha kalamu. Nikadhani atanifukuza hapo hapo. Akasukuma jalada upande wangu, akaniwekea na kalamu juu.

"Andika," akasema. "Chini ya lile la kwanza. Na usilifupishe."

Niliandika karibu nusu saa mbele yake. Mwandiko kama wa darasa la pili. Yeye akaandika chini yangu: mkataba wa DBA uongezwe mwaka mmoja, ruhusa ya kuona vipimo iwe ya kudumu, mtunza mitambo apewe onyo la maandishi, na password zote ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ikae kabatini kwake. Mwisho akaandika jina la Aziza na maneno mawili: "Kwa taarifa."

Mnaelewa maana yake. Jalada lote linakwenda mezani kwa binti. Atasoma niliyoandika kumshtaki, karatasi yenye namba, na atasoma niliyoandika kujishtaki. Karatasi haichomolewi.

Nilikaa chumbani kwangu nikisikiliza feni. Jalada likarudi mchana. Nililiacha mezani muda mrefu kabla ya kulifungua. Nilitegemea maneno makali, na nilikuwa nimejiandaa kuyameza.

Chini kabisa, kwa mwandiko wake ule mdogo: "Nimesoma. Mama wa Hombolo naye aelezwe."

Hakuandika zaidi ya hapo.

Jumamosi nikadandia gari la kreti tupu mpaka Hombolo. Nilimkuta Mama Mchiwa shambani anafunga matawi. Nikamsalimia kwa kilugha, "Mbukwenyi," akaitikia akanicheka matamshi. Akaniuliza kama nimemletea kreti. Nikasema nimeleta maneno.

Nikamweleza. Kumweleza mkulima habari ya backup si kazi nyepesi, nilipinda huku na huku, mwisho nikasema kwa lugha ya kawaida: kuna kazi niliiwekea mashine ifanye saa saba, hiyo kazi ndiyo iliyozuia mzani, na ndiyo iliyoozesha mzigo wako. Na kuna mtu aliomba aangalie, nikamkatalia.

Akaendelea kufunga tawi. Akauliza, "Hiyo saa saba, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakula, mama."

"Ulishiba?"

Akavuta tawi jingine. Jibu hakulingoja.

Baadaye akaniuliza aliyeomba kuangalia ni nani. Nikamwambia ni yule binti wa Kondoa, aliyetoka juani kukuomba radhi. Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya zabibu, zile nyeusi zilizoiva sana, amezifunika kwa majani. Akanikabidhi.

"Mpelekee binti afungulie. Za kwako hazimo."

Niliibeba ndoo ile mapajani safari nzima bila kuonja hata moja, na mimi ninavyozipenda zabibu.

Nilifika Chang'ombe magharibi imekaribia. Mama yake ndiye aliyefungua mlango, akanikaribisha futari. Aziza akapokea ndoo, akanipa salamu za shukrani za kumrudishia Mama Mchiwa, na mimi akaniambia asante. Ananisalimia kila siku mpaka leo, kazi tunafanya vizuri, mzani haujagoma tena. Lakini zamani alikuwa ananiita kaka Joeli. Siku hizi naitwa Bwana Joeli.

Somo nililopata, kwa wenzangu mnaoshika funguo za server ofisini: mwenzako akiomba kuona vipimo, mpe ruhusa ya kuona. Kuona hakumpi mkono wa kugusa. Kama unaogopa atakachokiona, basi kaa wewe mwenyewe uangalie kwanza, na uangalie saa ile ambayo huwa hupo. Na ratiba ulizoziweka ukiwa jengo lingine, maisha mengine, zipitie. Sisi watu wa kuhamahama tunasahau tulichokiacha kinaendelea kufanya kazi nyuma yetu.

Ila kuna kitu bado kinanisumbua, na ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu. Lile dokezo lake la mistari miwili. Wengine ofisini wanasema alinistahi tu kwa sababu ya umri. Mimi kuna siku naamini hivyo. Kuna siku nyingine naamini alijua kabisa kuwa akinitaja nitabisha, na akiniachia nafasi chini nitajaza mwenyewe, na kwamba binti yule ana akili kuliko sisi wote pale ndani.

Ninyi mnaonaje? Hasa kina dada mlio kwenye IT, nisaidieni kumsoma. Aliyewahi kunyimwa ruhusa na mtu kama mimi naye aje aseme, nitasoma zote, na matusi nitayapokea.